Reli ya Mikebe

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asikae akingoja ushujaa wangu, maana hautakuja. Naogopa radi, naogopa kuvuka mto juu ya gogo lililolowa, naogopa mbwa wa watu, na tangu vita vilipotukimbiza kutoka Masisi namwogopa mtu yeyote anayeniita kwa nyuma bila salamu. Mama yangu, alipokuwa hai, alinitetea kwa methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kaka zangu walinicheka, nami nikachekwa nikiwa mzima.

Kazi yangu ni kupiga picha, hapa Itebero. Nina simu moja yenye ufa kwenye kona, shuka jeupe la kutundika nyuma ya watu, na sauti kali ya kuwatuliza watoto. Napiga watoto wa ubatizo, maarusi, na wanafunzi wanaotaka kadi ya shule. Hapo mniruhusu nieleze jambo dogo la lugha, maana nusura liniue. Sisi wapiga picha wa huku tuna uvivu wa ulimi, tunameza neno "picha". Mtu akiniuliza, "Umeshapiga bibi harusi?" namjibu, "Nimempiga, bado wakwe." Mchungaji mwenyewe huniuliza mbele ya waumini kama nimepiga watoto wote, nami najibu kwa sauti kwamba nimewapiga hadi wa mwisho. Hakuna anayeshtuka.

Baba yangu, ambaye kwetu sote ni Papa, alikuwa mtu wa breki kwenye reli, huko upande wa Maniema, kabla sijazaliwa. Alikuwa na picha moja ya ujana wake: yeye amesimama mbele ya garimoshi, mkono kwenye chuma, kofia imeinama. Aliitundika kwenye nyumba yetu ya Masisi, juu ya magunia ya maharagwe. Siku tuliyokimbia, mama alibeba sufuria, mimi nilibeba mtoto wa dada yangu, Papa alibeba godoro. Picha ilibaki ukutani. Nyumba yenyewe haikubaki.

Tukaja Itebero, kwa watu wa bibi yangu, na huku Papa akageuka mzaha. Karibu na Walikale mjini watu wameona ndege ndogo ikitua barabarani, na hawaoni ajabu, lakini garimoshi hakuna aliyeliona. Papa alipoanza hadithi yake kwenye pombe ya ndizi, watu walimwita Papa Treni na kumwomba awapeleke Kindu, huko kwenye reli yake, jioni hiyohiyo. Hadithi yenyewe ilikuwa moja tu, na mimi naijua hata usingizini. Siku moja ya mvua treni yao ilikaribia daraja. Sinyali, ile nguzo ya chuma yenye mkono kando ya reli, ilikuwa imeshusha mkono. Kwenye reli, mkono wa sinyali ukinyooka unasema simama, ukishuka unasema pita. Siku ile mkono ulisema pita. Papa akachungulia, akaona maji yamekaa vibaya, akavuta breki bila kuuliza mtu. Treni ikasimama hatua chache kabla ya daraja lililokwisha kuvunjwa na mto. Watu wote waliokuwa ndani walirudi kwao.

"Kama mungekuwa na foto, tungesadiki," jirani mmoja alimwambia, akicheka. Papa hakucheka. Aliporudi nyumbani alikaa muda mrefu akipangusa jicho lake la kushoto, ambalo siku hizo lilikuwa limeanza kufunikwa na ukungu. Nilimwonea huruma hadi nikakasirika.

Kesho yake alianza kuokota mikebe.

Alitengeneza mabehewa kwa mikebe ya sardini, na kichwa cha treni kwa mkebe wa mafuta ya kula aliouchana kwa kisu. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya chupa. Reli zilikuwa waya za breki ya baiskeli, na mataruma chini yake ni vijiti vya mwanzi alivyovikata kimoja kimoja, vyote urefu mmoja. Daraja alilijenga kwa mbavu za kikapu, kisha akalivunja katikati, kwa makini kuliko alivyolijenga. Vyote vilikaa juu ya mlango mkuukuu, nyuma ya nyumba, pale ambapo kiwanja kinakatika ghafla na kuanza bonde. Papa aliliita jambo lake maketi, yaani mfano mdogo wa kitu kikubwa. Majirani waliliita ugonjwa.

"Mama, nipigie hii," aliniambia. Ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Lakini unipigie foto yenye mutu akiiona hatauliza kitu."

Nilipiga mara ya kwanza nikiwa nimesimama, kama ninavyopiga sahani za chakula kwenye harusi. Ilitoka takataka iliyopangwa foleni. Papa aliitazama, akanirudishia simu kwa adabu. Nikapiga nikiwa nimechuchumaa. Bado mikebe. Nilipiga kwa miezi, na kila picha ilikuwa na kitu kilichotusaliti: jani moja kubwa kuliko behewa, alama ya kidole changu kwenye vumbi, neno la kiwandani kwenye ubavu wa mkebe, na mara moja, nyuma ya daraja, mguu wa kuku mnene kuliko mnara wa kanisa.

Polepole nikajifunza. Macho ya picha lazima yawe pale ambapo yangekuwa macho ya mtu wa ukubwa ule, yaani urefu wa punje ya mahindi. Kwa hiyo niligeuza simu miguu juu kichwa chini, ili jicho lake liguse karibu ardhi. Mchanga niliuchekecha kwa kipande cha chandarua hadi ukawa vumbi, maana chembe moja ya kawaida inaonekana jiwe la kuua ng'ombe. Miti ilikuwa kuvu ya kijani niliyoibandua kwenye magogo. Mikebe tuliilaza kwenye maji ya chumvi ipate kutu ya kweli, kwa sababu kutu ya rangi inajulikana. Kitu kikubwa nilikiweka mbali, kidogo nilikileta karibu, na nyuma ya vyote niliacha milima ya Mungu mwenyewe, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Ukungu ndio fundi mkubwa. Unaficha pale kazi yako inapoishia.

Tuligombana kwa jambo moja tu, sinyali. Papa alitengeneza nguzo kwa ubavu wa mwavuli, akafunga mkono wa bati. Kila nilipoiingiza kwenye picha, ilikuwa ubavu wa mwavuli. Niliing'oa.

"Bila sinyali, watajuaje kama ilisema pita?" Papa aliuliza. "Treni inasimamaka kila siku. Ile siku ilisimama sababu mutu aliangalia na macho yake."

"Papa, ukiweka ile mwavuli, watacheka tena."

Akaiokota nguzo akaiweka kando. Nikapiga bila sinyali, asubuhi ya siku ya nne ya juma, na ile picha ilitoka. Sisemi kwa kujisifu, nilipoitazama niliogopa kidogo. Treni ilikuwa imesimama mbele ya daraja lililovunjika, mto ukijaa chini, milima ikipotea nyuma, kutu, baridi, kila kitu. Nilimwonyesha yule jirani wa pombe ya ndizi. Aliitazama, akavua kofia, akauliza wangapi walikufa. Papa aliingia ndani akafunga mlango, nikamsikia akiimba.

Nami, kwa fahari ya fundi, nikafuta kwenye simu picha zote mbaya. Nilifuta kidole, nilifuta jani, nilifuta kuku. Nilitaka mtu akifungua simu yangu akute kazi safi tupu.

Kutoa picha kwenye karatasi kunanipeleka Hombo, kwa sababu huko kuna umeme wa jenereta na mashine ya kutoa picha. Ni safari ya miguu na pikipiki, kutegemea barabara inavyoamka. Nilikuwa na picha za wanafunzi kwenye simu, na ile moja ya Papa. Wiki hiyo barabarani kulikuwa na maneno mengi, maana daraja moja la magogo lilikuwa limekatwa kwa shoka, na kila upande wa wenye bunduki ulisema ni upande mwingine uliolikata. Nilisikia habari hizo na nikaogopa, lakini naogopa kila wiki, na wanafunzi walikuwa wanadai kadi zao. Nikaondoka asubuhi.

Bariyeri niliikuta kwenye kona, mahali ambapo wiki iliyotangulia hapakuwa na kitu. Mwanzi umelazwa njiani, juu ya matairi mawili ya pikipiki. Watu watatu. Mkubwa wao alikuwa ameketi kwenye jiwe, bunduki mapajani, akila muhogo kwa sardini. Wa pili alikuwa na panga. Wa tatu, mrefu, mwenye koti la mvua, alikuwa na bunduki ndefu nyeusi, na ndiye aliyekuja kwangu. Sikujua ni wa upande gani, na sikuuliza. Pikipiki iliyonileta ilinishusha, ikageuka ikarudi bila hata kuniaga.

"Mama, uko natoka wapi?" mkubwa aliuliza.

"Itebero, Shefu. Naenda Hombo kutoa foto ya batoto ba masomo."

"Leta telefone."

Nikampa. Aliangalia wanafunzi mmoja mmoja, akitelezesha kidole chenye mafuta. Aliangalia bibi harusi. Nilianza kupumua. Kisha kidole kikasimama.

"Na hii daraja?" Akageuza simu wenzake waone. "Nani njo aliipiga?"

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na kwa majivuno. Ndiyo, naungama, nilifikiri anasifu kazi.

"Ni miye, Shefu," nikasema. "Miye njo niliipiga."

Alinitazama. "Weye?"

"Miye mwenyewe. Lakini papa yangu njo alipanga yote. Miye nilipiga tu."

Yule wa panga alisimama. Mimi bado sikuelewa. Mtu anayejua kazi yake akiulizwa habari za kazi yake, kinywa kinatembea chenyewe.

"Muliipiga saa ngapi?"

"Asubui, mbele jua ipande. Ile saa hakuna batu, na ukungu inaficha vitu yote yenye hatutaki ionekane."

"Iko wapi, hii daraja?"

"Iko nyuma ya nyumba yetu, Shefu."

Ndipo nikayasikia maneno yangu. Yalinirudia moja moja, na kila moja lilikuwa na damu. Nimepiga daraja, baba yangu alipanga, alfajiri, kwenye ukungu, watu wasione. Na nimeshawaambia natoka wapi. Nikaanza kusema haraka haraka kwamba nilitaka kusema foto, nilipiga foto, daraja si daraja, ni mbavu za kikapu, treni ni mikebe.

"Bwate?" mkubwa alisema, ndivyo huku tunavyoita mkebe. Alikuza picha kwa vidole viwili. Akatazama kutu. Akatazama milima. "Mama, unaniona mimi mutoto?"

"Ni bwate ya sardini, Shefu. Ninakuapia mbele ya Mungu."

"Onyesha basi foto ingine, yenye inaonyesha hii ni bwate."

Nilichukua simu kwa mikono miwili nikatafuta. Nilimtafuta kuku. Sijawahi kumtamani kiumbe duniani kama nilivyomtamani yule kuku na mguu wake mnene. Nilitafuta kidole changu, jani, neno la kiwandani. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimejisafishia njia ya kufa kwa mikono yangu. Nilimrudishia simu nikalia mbele yake bila haya.

"Keti chini," alisema. "Tutaenda kuona huyu papa yako."

Niliketi kwenye tope, kando ya dimbwi lililochimbwa na magurudumu ya malori. Sikujiogopea tena peke yangu. Nilimwona Papa akitoka ndani kwa jicho lake moja, akiwapokea wageni, akiwaonyesha kwa furaha daraja lake lililovunjika na kuwaeleza jinsi alivyolivunja. Alikuwa amengoja miaka mtu wa kumsikiliza. Angewaambia kila kitu.

Yule mrefu wa koti la mvua alisimama juu yangu anilinde. Nilikuwa nimeinama, macho yangu yakiwa chini karibu na ardhi, mahali pangu pa kazi, na macho hayo yana tabia zao. Yaliona bunduki yake. Alikuwa amechoka kuibeba, akaigeuza, akaitumbukiza mdomo kwenye tope, akaiegemea kama fimbo ya kuchungia.

Mwenye bunduki ya kweli hatumbukizi mdomo wake kwenye tope. Hata mimi najua hilo. Nikatazama vizuri, sikuweza kujizuia. Pale mkono wake ulipokuwa umesugua, weusi ulikuwa umetoka, na chini yake kulikuwa na nyuzi za mti. Alikuwa ameipaka unga wa betri na mafuta, kazi nzuri, nzuri sana. Ukingo tu ulikuwa mnene mno. Papa angemwambia apunguze ukingo.

Msidhani nilipata nafuu. Niliogopa mara mbili. Bunduki ya mkubwa ilikuwa ya kweli, niliona ilivyong'aa mahali pa kushikia, na panga halina uongo. Na mtu anayebeba siri ya namna ile, mbele ya barabara nzima, atamfanya nini mwanamke aliyeiona? Nikainamisha kichwa nikatazama dimbwi. Ndipo wazo likaja, na lilikuja kwa sababu nilikuwa nakimbiza macho yangu mbali na ule mti.

"Shefu," nikasema, "munipe ile bwate yenye umemaliza kula."

"Ya nini?"

"Nikutengenezee treni hapa. Kama haitakuwa treni, fanya vile unataka."

Alirusha mkebe, ukaanguka karibu na goti langu.

Nilipaka mkebe tope ubavuni, nikageuza maandishi upande wa pili. Nilivunja mabua mawili ya nyasi nikayalaza kando ya dimbwi yawe reli, na chini yake vijiti. Nilibandua kuvu kwenye matairi ya bariyeri yao wenyewe, nikapanda msitu. Kila nilichokifanya, yule wa panga alikitazama kama anayemwangalia mwendawazimu. Yule mrefu alirudi nyuma hatua mbili tatu, hadi ng'ambo ya dimbwi, asinizibie mwanga, akasimama tena akiegemea ile bunduki yake. Nilivua kiatu, nikageuza simu kichwa chini, nikaiegemeza kwenye kiatu kwa sababu mkono wangu haukutulia. Nikalala kifudifudi kwenye tope, nguo yangu nzuri ya Hombo na yote. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza, na nyuma ya dimbwi barabara ilikuwa nyeupe tupu. Nikashika pumzi. Nikapiga.

Mkubwa alichukua simu. Akatazama picha, akatazama dimbwi, akatazama picha. Kisha, naapa, aliweka bunduki yake kando, akalala chini kwenye tope karibu nami, shavu ardhini, akautazama mkebe wake wa sardini kwa jicho moja.

"Kumbe," alisema.

Yule wa panga akaja, naye akainama, akaanza kucheka, na kicheko kikamshinda. Yule mrefu hakucheka. Aling'oa bunduki yake kwenye tope, akaipangusa mdomo kwa kidole gumba, taratibu, na alipoinua macho yakakutana na yangu. Nilijua kwamba amejua.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "macho yako inaonaka sana."

"Hapana, baba. Ni telefone njo inaonaka. Miye ninaogopaka tu."

Akaiweka bunduki begani, upande ule mwingine, uliokuwa bado na rangi, akaenda kuinua mwanzi.

"Futa ile ya daraja," mkubwa aliniambia, akipangusa tope shavuni. Hakuwa anacheka tena. "Futa mbele yangu. Batu bengine bako pale mbele, na bale hawatakupa bwate. Hii ya sasa baki nayo. Hii tunajua ni bwate."

Nikafuta. Kazi ya miezi yote, asubuhi zote za Papa, kidole kimoja. Sikusikitika hata kidogo wakati ule, ningefuta hata jina langu. Nilipita chini ya mwanzi na kutembea bila kugeuka, kiatu kimoja mkononi, mgongo wote ukingoja kitu. Hakikuja. Nilifika kona, nikaingia kichakani, nikatapika.

Hombo nilitoa picha za wanafunzi. Mtu wa mashine akaniuliza, "Na hii ingine?" Nikasema atoe. Sikuitazama. Ilitoka ikiwa na joto, nikaifunga kwenye karatasi kifudifudi. Nilikaa huko siku mbili kwa woga, nikarudi siku ya tatu nyuma ya kundi la wafanyabiashara wa mafuta ya mawese. Kwenye kona hapakuwa na mtu. Mwanzi ulikuwa umetupwa mtaroni. Dimbwi lilikuwepo, dogo kuliko nilivyolikumbuka.

Nyumbani nilikuta mvua zimebomoa maketi. Mlango ulikuwa umepinda, mchanga umekwenda, daraja halikuonekana tena kama limevunjika, lilikuwa fujo tu. Papa alikuwa amekusanya mikebe kwenye kikapu. "Haizuru," alisema. "Foto iko." Nilimpa karatasi kwa sababu mkono wake ulikuwa umenyooshwa.

Aliileta karibu na jicho lake zima hadi pua ikaigusa. Nilisimama nikingoja aniulize mabehewa mengine yamekwenda wapi, daraja liko wapi, kwa nini mto una rangi ile. Nilikuwa nimeandaa uongo wa kila swali. Hakuuliza.

"Hii haiko ile yetu," alisema.

"Papa, nitakueleza..."

"Hapana. Hii njo yenyewe. Ile siku maji ilikuwa hivi. Mvua ilikuwa hivi." Kisha akapiga ukelele mdogo, kama mtoto. "Eh, Mama! Na sinyali uliweka!"

Nikainama kutazama. Nyuma ya mkebe, mbali, kwenye weupe wa mvua, kulikuwa na nguzo nyembamba nyeusi, mguu wake ukiwa kwenye tope, na ubavuni mwake mkono mmoja uliopinda kuelekea chini. Ni pale panapokaa risasi, kwenye bunduki zenye risasi; ile ya yule mrefu ilikuwa imeingia kwenye picha, mwenyewe amebaki nje.

"Mukono imeshuka," Papa alisema. Jicho bovu na jicho zima yote yalikuwa yanatoa machozi. "Inasema pita, na treni imesimama. Unaona? Sasa batasadiki."

"Batasadiki, Papa."

Akapitisha kidole juu ya ile nguzo, kwa upole wa fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Inaonekana chuma kabisa," alisema. "Uliitengeneza na nini?"

"Ni muti, Papa," nikamjibu. "Ni muti tu."